Chombo cha Mkoani hakinilevyi, gemu ya ndege za anga za juu inanitapisha. Kwa nini?

MtuWaWete (#1)

Assalaam aleykum wakuu.

Nina suali, naomba majibu ya watu wanaoelewa. Mie mtoto wa Wete, Pemba. Tangu niko skuli nakwenda na kurudi Unguja kwa boti, na wakati wa kusi, mkondo wa Nungwi unapochafuka, nimeshaona watu wazima na ndevu zao wakigaiwa mifuko safu nzima. Mie hainipati. Nakaa, nakula mkate wangu, nashuka bandarini mzima.

Sasa mdogo wangu kaleta PS4 na gemu ya Star Wars: Squadrons. Kwa asiyeijua: ilitoka Oktoba 2020, umo ndani ya ndege ya vita ya anga za juu, unachokiona ni dashibodi na kioo cha mbele basi. Kuna hadithi ya kucheza peke yako, na kuna kupigana mtandaoni watano kwa watano. Nimeipenda kupita kiasi. Ile mara ya kwanza ndege inatoka kwenye tumbo la meli kubwa, nyota zote ziko mbele yangu, nilisema mpira nauacha.

Tatizo ni hili. Nikianza kumfukuza adui katikati ya mabaki ya meli zilizovunjika, napinduka huku, nageuka kule, mate yananijaa kinywani. Halafu miayo. Halafu jasho la baridi kwenye paji la uso. Nikikaza roho nikaendelea, natapika kweli kweli. FIFA nacheza mpaka usiku wa manane sina neno.

Jee, mtu ambaye bahari haimlevyi, vipi alevywe na kochi? Sitaki kuambiwa niiache. Nataka kujua kinachotokea, na nicheze.

Natanguliza shukrani.

BintiKikwajuni (#2)

Karibu chamani, kaka. Mie yananipata hayo hayo, na sababu naijua: umefungiwa ndani ya chumba cha rubani. Gemu hiyo haina mwonekano wa nje hata ukitafuta kwenye setingi. Kaka yangu alikuwa na Nintendo 64, tukicheza Star Fox 64 ya mwaka 1997 (ile iliyouzwa Ulaya kwa jina la Lylat Wars), na mule ndege unaiona kwa nyuma, imetulia katikati ya skrini, dunia ndiyo inayokupita. Ndege ikibingirika unaiona inabingirika, wewe umekaa. Kwenye Squadrons ikibingirika ndege, umebingirika wewe.

Mimi nimehamia gemu za mwonekano wa nje na nimepona. Mifano ipo, Everspace 2 imefika PS5 mwaka 2023 na unaweza kubadili, ndani au nje.

Kusi_Mkali (#3)

MtuWaWete, sema kweli, ulikuwa unapanda boti au ulikuwa unalala kutoka Mkoani mpaka bandari ya Malindi, Unguja? Mtu aliyelala hatapiki 😂

Natania mkuu. Nafuatilia uzi, mke wangu hawezi hata kukaa chumba kimoja na mie nikicheza hiyo gemu.

FundiPedi_Darajani (#4)

Wakuu, kabla hamjafika mbali. Mie natengeneza pedi na PS, na hawa wanaolalamika kichefuchefu nawajua. Tisa kati ya kumi nikiwatazama wanavyocheza, wanapigana na usukani.

Kwenye Squadrons mpangilio wa mwanzo ni huu: kijiti cha kushoto juu na chini ni mwendo, kushoto na kulia ni kulaza ndege ubavu. Kijiti cha kulia ndicho kinachoinua pua, kuishusha na kuipeleka pembeni. Mtu aliyezoea mpira anashika vijiti vyote viwili kwa nguvu mpaka mwisho. Ndege inalala, inageuka, inapanda, vyote kwa pamoja, na yeye hakukusudia nusu ya hivyo.

La pili, mwendo. Wanakimbia mwendo wa mwisho muda wote. Tazama kipimo cha mwendo kwenye dashibodi: ndege inakata kona vizuri zaidi ikiwa nusu mwendo. Ukiwa mwendo wa mwisho unachora duara kubwa, adui anakutoka, unamtafuta, unazunguka tena, na kichwa kinazunguka nawe. Punguza mpaka nusu unapoingia kona, ongeza unapotoka.

La tatu, juu na chini. Kuna watu vidole vyao vinataka ukivuta kijiti nyuma pua ipande, kama ndege ya kweli, na kuna watu wanataka kinyume. Ukiwa kwenye mpangilio usio wako, kila mara unakwenda pasipo, unarekebisha, unakwenda pasipo. Badilisha kwenye setingi ujaribu siku moja.

Kichefuchefu kinatoka hapo. Ubongo hautaki kubebwa usikokuamuru.

Mwalimu_Tibirinzi (#5)

Fundi umesema vizuri juu ya mikono. Mie niseme juu ya masikio.

Ndani ya sikio, mbali kuliko ngoma, kuna mifereji mitatu yenye majimaji, kila mmoja umelala upande wake. Kichwa kikizunguka, majimaji yanachelewa kidogo, na ubongo unapata khabari kwamba tunageuka. Pembeni yake kuna vijiwe vidogo sana vya chokaa vinavyohisi mvuto na kwenda mbele. Ukiwa kwenye boti chini ya sitaha, sikio linasema tunayumba, jicho linaona ukuta umetulia. Ukiwa kwenye kochi ni kinyume chake: jicho linasema tunapinduka, sikio linasema tumekaa Wete hatujaenda popote. Ule mgongano ndio ugonjwa. Watafiti Reason na Brand wa Uingereza waliuandikia kwa kirefu mwaka 1975.

Na kwamba sikio ndilo mzizi, ushahidi upo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 jeshi la majini la Marekani, na NASA baadaye, waliwatumia wanaume 11 viziwi wa chuo cha Gallaudet cha Washington. Karibu wote uziwi wao ulitokana na homa ya uti wa mgongo iliyowaharibia sikio la ndani utotoni. Walizungushwa kwenye mashine, wakapelekwa kwenye bahari ya dhoruba huko Nova Scotia, Kanada. Watafiti waliugua. Wao walicheza karata.

Sasa suali lako khasa, MtuWaWete, kwa nini wewe ambaye bahari imekushindwa. Vifaa vya kuigiza kuruka, vya kufundishia marubani wa helikopta, vilipoanza kutumika Marekani katika miaka ya 1950, walioumwa zaidi walikuwa wakufunzi wenye saa nyingi za kuruka, wanafunzi wapya wakaumwa kidogo. Aliyezoea mwendo wa kweli, mwili wake unajua mwendo ule unatakiwa uhisiweje. Akiuona kwa macho bila kuuhisi, mwili unagoma. Mtu ambaye hakuwahi kutoka nyumbani kwao hana anachokingoja. Kwa hivyo bahari yako ndiyo inayokuponza.

BahariaNungwi (#6)

Mwalimu nakuheshimu, lakini hilo la mwisho silikubali. Mie nimevua maisha yangu yote na wanangu wananipiga hizo gemu jioni na miye nashika pedi. Sitapiki huko wala huku.

Siye tunajua jambo moja: anayeshika usukani halevywi. Chombo kikienda mrama, nahodha anajua wimbi linakuja kabla halijafika, mwili umeshajiweka sawa. Abiria linamkuta. Mchukue nahodha yule yule umkalishe kule omoni awe abiria, utaona rangi yake inavyobadilika.

Na jambo la pili, mgeni akianza kuona vibaya tunamwambia atazame nchi kavu, au pale mbingu inapokutana na bahari. Sasa huko nyotani nchi kavu iko wapi? Hakuna juu, hakuna chini. Kijana wetu jicho lake halina pa kushika. Mie kwenye gemu nafanya hivi: nachagua ile meli kubwa ya kivita, naifanya ndiyo ufuo wangu. Kila nikimaliza kupinduka narudisha ndege ilale sawa na meli ile. Wanangu wananicheka kwamba nacheza kizee, lakini niulize nani anamaliza pambano ana ngao.

MtuWaWete (#7)

Ami BahariaNungwi, ahsante, lakini hapo ndipo panaponichanganya. Mie ndiye nahodha! Mie nimeshika pedi, mie naamua kupinduka. Kwa hesabu yako sistahili kuumwa.

Ila sikusema jambo moja. Mdogo wangu akikaa pembeni kutazama tu, anaumwa kabla yangu. Akicheza yeye ni mzima. Hilo linakuunga mkono wewe. Basi sote wawili tuna ubongo wa namna gani?

Fundi, mwendo nitajaribu. Ni kweli nilikuwa nakimbia mwanzo mwisho.

Nyota_ya_Mtoni (#8)

Mnaongea kama kwamba kochi peke yake ndilo lenye tatizo. Hata anga za juu zenyewe zinatapisha. Gagarin mwenyewe alipopanda mwaka 1961 alitapika. Wanaanga wengi siku za mwanzo wanaumwa mpaka mwili uzoee kukosa uzito. Kwa hivyo gemu imetengenezwa vizuri tu, inafanana na kweli 😄

Mwalimu_Tibirinzi (#9)

Sio Gagarin. Yeye alizunguka dunia mara moja tu, aliruka na kurudi ndani ya saa mbili. Aliyeumwa ni Gherman Titov, Agosti ya mwaka huo huo wa 1961, kwenye Vostok 2. Yeye alikaa zaidi ya siku nzima, mizunguko 17, na ndiye mtu wa kwanza kutapika anga za juu. Alikuwa na miaka 25, rubani wa kijeshi aliyechujwa kati ya wengi.

Hilo la kuzoea ni kweli. Vijiwe vya sikio vikikosa mvuto vinatoa khabari ambayo ubongo haujawahi kuisoma, na siku mbili tatu ubongo unajifunza.

Mzee_wa_Michenzani (#10)

Wanangu, nimesoma uzi wote. Mnazungumza mwonekano wa ndani kana kwamba umeanza juzi. Mwishoni mwa miaka ya tisini tulikuwa na kibanda chini ya magorofa ya Michenzani, PS ya kwanza, ile ya kijivu, na TV ya chogo ndogo hata bakuli la mboga lingeifunika. Tulicheza Colony Wars ya 1997, iliyotengenezwa na Psygnosis wa Liverpool. Chumba cha rubani hicho hicho, leza, makombora, meli kubwa za kulinda. Gemu nzuri sana ile, ukishindwa misheni haikurudishi nyuma, hadithi inachukua njia nyengine, hata vita vyote unaweza kuvipoteza na bado ukaona mwisho wake. Tulikuwa tunagombana kibandani nani alipoteza sayari gani. Ukikaa umelipia nusu saa, wenzio kumi wamekusimamia kichwani, joto la Machi, hakuna feni. Hakuna aliyetapika.

Kwa nini? TV ilikuwa ndogo, na pembeni yake unaona ukuta, unaona khanga ya mlangoni, unaona mguu wa mwenzio. Jicho linajua uko Michenzani. Leo kijana ana TV ukuta mzima, amekaa hatua mbili, taa kazima ili aone nyota vizuri. Mwambieni asogeze kochi nyuma na awashe taa. Dada BintiKikwajuni, chumba cha rubani hakina kosa.

BintiKikwajuni (#11)

Mzee wangu shikamoo. Hiyo PS ya kwanza nayo picha yake ilikuwa ya vipande vipande, nyota kidogo, nyuma kweusi. Hakukuwa na vya kulidanganya jicho. Leo kila kipande cha chuma kinachopita kina kivuli chake. Sikubali kwamba ni ukubwa wa TV tu. Yangu ni ndogo na naumwa.

UmmuSalma (#12)

Salaam wanangu. Mie si mchezaji ila nyumba yangu ina wachezaji watatu. Wa kati ndiye anayeumwa, na nimeshajua ni siku gani. Akitoka chuoni hajala, akakaa na gemu moja kwa moja, anaumwa. Akila kidogo, kitu chepesi, haumwi. Akishiba sana pilau, anaumwa pia. Tangawizi inasaidia, nampondea kwenye chai bila maziwa, kabla hajaanza, sio baada ya kuanza kutapika.

Wale wanaotaka kumeza vidonge vya safari, jueni vinaleta usingizi. Na mtu ambaye kichwa kinamgonga upande mmoja na mwanga unamuudhi hata bila gemu, aende hospitali akaangaliwe kipandauso, maana watu wa kipandauso wanaumwa na mwendo kuliko wengine. Wangu ndivyo alivyogundulika.

MtuWaWete, mwanangu, unakula kabla?

Kipanga_wa_Mchangani (#13)

Mnajadili TV, mie nina kofia ya PS VR, binamu yangu kaitoa Muscat. Squadrons nzima inachezeka ndani yake. Kwa hesabu ya Mzee wa Michenzani mie ningekuwa kaburini, maana sioni ukuta wala khanga, naona anga tu pande zote.

Na wallahi naumwa kidogo kuliko kwenye TV. Kwenye kofia nikigeuza kichwa, chumba cha rubani kinabaki pale pale, natazama begani kama ndani ya gari. Zile nguzo za kioo na dashibodi zimetulia. Adui akinipita juu namfuata kwa shingo, sio kwa kijiti. Kwa hiyo mie nasema chumba cha rubani ni dawa. Kwenye TV kinakuwa picha tu.

Ila naomba niwe mkweli kwa wanaotaka kununua: rafiki yangu alivaa, alibingirika kidogo tu, akavua kofia akakaa sakafuni mpaka magharibi.

Mwalimu_Tibirinzi (#14)

Kipanga, maelezo yako yanakwenda na wanaosema kwamba ubongo unatafuta kitu kimoja cha kukiamini kuwa kimetulia. Ukiupa dashibodi, unashika hapo. Lakini kofia inakubaliana na sikio pale unapogeuza kichwa tu. Ndege yenyewe ikigeuka, sikio halijui. Ndiyo maana rafiki yako alikaa sakafuni.

Na Bi UmmuSalma, ahsante. Kuhusu tumbo, mtafiti mmoja wa Uingereza, Treisman, aliandika mwaka 1977 kwamba macho na sikio kutokubaliana ndiyo dalili ya mtu aliyekula sumu, kwa hivyo mwili unaamua kutoa kilichomo tumboni ili ujiokoe. Ikiwa ni hivyo, gemu inaufanya mwili wa MtuWaWete uamini kwamba amelishwa kitu.

Nyota_ya_Mtoni (#15)

Kuna nadharia nyengine hamkuitaja na ndiyo ninayoiamini. Riccio na Stoffregen, Marekani, 1991. Wanasema hakuna habari ya mgongano. Mwili unaumwa pale unaposhindwa kujisimamisha. Kabla mtu hajaona vibaya, ukimpima, mwili wake unaanza kuyumba kwa namna isiyo ya kawaida. Kuyumba kwanza, kichefuchefu baadaye.

MtuWaWete kwenye boti anakaa vipi? Naapa anaegemea, miguu imepanuliwa, mwili unakwenda na chombo, amejifunza hayo tangu mdogo bila kufundishwa. Kwenye kochi amekaa ncha ya kiti, shingo mbele, mabega juu, kila ndege ikilala na yeye analala. Mtazameni mtu yeyote anayecheza gemu za ndege, anainamisha mwili mzima! Jaribu kuegemea, kichwa kiguse ukuta, kisitikisike.

Kusi_Mkali (#16)

Uzi umekuwa chuo kikuu, mashaallah. Mie naomba kidogo tuzungumze kuua adui. Fundi, nikiwa na ndege ya X-wing, wale adui wenye ndege za TIE wananizunguka mgongoni siwaoni. Nifanyeje?

FundiPedi_Darajani (#17)

Vitufe vya mishale, Kusi. Watu hawavigusi. Kushoto unapeleka nguvu kwenye injini, juu kwenye silaha, kulia kwenye ngao, chini unagawa sawa. X-wing ina ngao, TIE nyingi hazina kabisa, isipokuwa chache kama ile kubwa ya kubebea askari. Kwa hivyo TIE haiwezi kukaa ikapigana uso kwa uso nawe. Inapiga na kukimbia.

Akikukaa mgongoni, tia injini mpaka ijae, inakuwekea akiba ya kukimbia kwa kasi. Bonyeza kijiti cha kushoto, ndege inachomoka, kisha katikati ya kasi bonyeza tena na geuza pua. Ndege inaendelea kule ilikokuwa inakwenda huku pua inatazama nyuma, naye anakujia kifuani. Hapo rusha nguvu zote kwenye silaha. Na usilenge ndege, lenga mbele yake, pale kialama kinapokuonesha atakuwepo.

Kwenye vita vya meli kubwa usiende kuwinda TIE kama mtoto. Timu inasukuma, mnavunja meli mbili za kati, ndipo mnaifikia ile kuu. Timu nyingi za hapa nyumbani zinapoteza kwa kuwa kila mtu anataka kuhesabu ndege alizoua.

BahariaNungwi (#18)

Fundi, huo mgeuko wa pua ndio uliomtapisha mwanangu wa mwisho. Mwambie Kusi ale tangawizi ya Bi UmmuSalma kwanza.

MtuWaWete (#19)

Nimerudi na majibu, wakuu, maana nimejaribu.

Jioni ya kwanza nilicheza nusu mwendo kwenye kona, kama alivyosema Fundi, nikairudisha ndege ilale sawa na meli kubwa, kama alivyosema Ami. Nilicheza misheni nzima. Mate hayakuja. Nikafurahi, nikamwita mama aone.

Kesho yake nikafanya vile vile, naumwa. Tofauti ninazozikumbuka: siku ya kwanza nilikuwa nimekula, taa ilikuwa inawaka, feni inanipulizia usoni. Siku ya pili umeme ulikuwa mdogo, feni inazunguka kwa uvivu, taa nilizima, na nilikuwa natoka kazini nimechoka.

Siku ya tatu mdogo wangu alishika pedi, mie nikatazama. Niliumwa kabla hajafika kwenye pambano. Kwa hivyo kweli, abiria anaumwa zaidi. Lakini nilikaa ncha ya kiti, Nyota atasema ni mkao.

Bi UmmuSalma, ndiyo, mara nyingi nacheza sijala. Nitarekebisha, inshaallah.

Mzee_wa_Michenzani (#20)

Si mmeona, taa! Siku taa ilipowaka alikuwa mzima.

BintiKikwajuni (#21)

Mzee, na feni jee? Na chakula? Upepo usoni unasaidia hata kwenye daladala. Huwezi kuchukua taa peke yake.

Mwalimu_Tibirinzi (#22)

MtuWaWete, badilisha kitu kimoja kila siku, vyengine viache vilivyo. Hivi ulivyofanya kila mmoja wetu anachagua anachokitaka. Na ukisikia mate ya kwanza tu, acha papo hapo, usikaze roho. Ukiendelea mpaka unatapika, mwili unajifunza kuichukia gemu, baadaye hata muziki wake utakutia kichefuchefu. Kidogo kidogo kila siku, ukiacha ukiwa mzima, wengi wanazoea.

Kipanga_wa_Mchangani (#23)

Na TV yako, umeiweka kwenye modi ya gemu? Hakuna aliyeuliza. TV nyingi za kisasa zinalainisha picha, zinajaza picha za katikati ili mpira uonekane unateleza. Kwa hiyo unasogeza kijiti, ndege inachelewa kukutii. Kidogo tu, jicho haliwezi kukuambia, lakini mwili unajua. Zima ulainishaji wote, weka modi ya gemu. Kwangu hilo peke yake lilikuwa nusu ya dawa.

FundiPedi_Darajani (#24)

Kipanga umenikumbusha. MtuWaWete, hiyo pedi mdogo wako kaipata mpya au ya mkononi? Fanya hivi: ingia mazoezini, elekeza pua kwenye nyota moja, toa vidole kabisa kwenye vijiti. Nyota ikianza kuhama yenyewe, pedi imechoka.

Ndani ya kijiti kuna njia ya kaboni na mguso unaosugua juu yake. Ikilika, au vumbi na unyevu wa chumvi wa huku kwetu ukiingia, kijiti kinatuma amri bila kuguswa. Kwenye mpira huoni, mchezaji anavuta hatua moja basi. Kwenye anga za juu ndege yako inalala ubavu polepole muda wote, nawe unairudisha muda wote bila kujua. Mpe mtu mzima hivyo, ataumwa tu.

MtuWaWete (#25)

Fundi. Nimefanya sasa hivi. Nyota inahama. Inakwenda kulia na chini, polepole, haisimami.

Pedi ni ya mkononi.

Nyota_ya_Mtoni (#26)

Lakini basi mbona siku ya kwanza alicheza misheni nzima na pedi hiyo hiyo? Na mdogo wake anashika pedi hiyo hiyo haumwi.

BahariaNungwi (#27)

Chombo chenye usukani unaovuta upande mmoja nimekiendesha msimu mzima wa kaskazi. Unazoea, mkono unajua. Mie bado nasema ni kukosa ufuo wa kutazama.

FundiPedi_Darajani (#28)

MtuWaWete, kwa leo nenda kwenye setingi za pedi, ongeza ile nafasi ya katikati ambayo kijiti hakisomwi, mpaka nyota itulie. Utapoteza ulaini kidogo wa kulenga. Ukija Unguja niletee nikubadilishie kijiti, ni kazi ya kuchomelea tu, na usikubali mtu akupulizie dawa ya kusafishia akakwambia imepona, itarudi.

Kusi_Mkali (#29)

Na mie nimejaribu ya nyota, yangu inapanda juu! Fundi unafungua mpaka saa ngapi? Na nani yuko tayari Ijumaa baada ya isha tuunde watano? Nina bando, nina tangawizi, namtaka Ami awe kwenye timu yangu.